Rimoti, Ndoo ya Taka na Eda ya Bi Salha

Jumatano, 2 Julai 2025

Tangazo maalumu. Wakaazi wote wa Kikwajuni, ndugu, jamaa na majirani, wa karibu na wa mbali, mnaarifiwa kwa masikitiko makubwa kwamba rimoti ya televisheni ya nyumba hii imetoweka. Ilikuwa nyeusi, ya makamo, kifuniko cha betri kimekazwa kwa mpira. Imeacha televisheni moja na mjane mmoja, wote wawili hawawezi tena kubadilisha kituo bila ya kunyanyuliwa. Mara ya mwisho ilionekana Jumamosi asubuhi juu ya meza ya kulia. Jumamosi yenyewe ni ile ambayo mimi nililala kutwa. Sina zaidi la kueleza.

Nshaitafuta chini ya kochi. Nimepata peni, kokwa ya tende na meno mawili ya kitana. Rimoti hakuna.

Siku ya themanini na tatu ya eda. Nina miaka hamsini na mitatu, ishirini na mbili nimekula kwa kuandika michezo ya redio na ya televisheni, na sijawahi kukaa ndani muda wote huu. Wala sijawahi kuchelewesha kazi namna hii! Kila mtu alidhani nitaandika kama mashine. "Sasa umepata nafasi," kanambia bibi mmoja — kwenye hitma! Hitma ya mume wangu! Wakil angecheka mpaka akohoe. Lakini Wakil yuko makaburini Mwanakwerekwe, na mie niko juu, na chini yuko wifi yangu Mwanakheir, dada yake Wakil, ananilinda kama mimi ni benki.

Leo kapandisha uji. Kasema nisikae dirishani, watu watanena. Watu gani? Njiwa?

Jumapili, 6 Julai 2025

Nna hasira.

Leo sehemu ya thelathini na moja ya tamthilia yetu, *Sebule ya Bi Salha*. Saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Sisi tunakwenda mbio kama maandazi ya asubuhi: skripti Jumamosi, picha Jumanne, Jumapili ya pili yake iko hewani. Mwanakheir alipanda na Bi Rukaiya wa nyumba ya pili na wanawake wengine watatu. Mmoja akanyanyuka kubonyeza kitufe, maana rimoti ndiyo hivyo tena. Kahawa, visheti, kimya.

Bi Salha ni mjane, kama mimi. Nilimfisha mume wake mwezi wa Februari, miezi miwili kabla ya wangu kufa. (Wapo walioniambia nimejitakia. Nimewaandika majina.) Yuko eda. Basi leo Bi Salha kachukua ndoo ya taka, kavaa baibui, kashuka ngazi. Kalifikia jaa. Hakusimama! Kapita nayo ndoo yake mpaka makaburini. Kafika mlangoni pa makaburi, hajui mume wake yuko wapi, kwa sababu siku ya kuzikwa walikwenda wanaume, yeye alibaki nyumbani na wanawake wenziwe. Kamuuliza mchimba makaburi. Kaoneshwa. Kasimama na ndoo yake. Basi. Hakulia, hakusema neno.



Kisha Bi Rukaiya: "Nani kaandika upuuzi huu?"

Wote wakanigeukia. Mwanakheir hakunigeukia, alikuwa bado anaitazama ile ndoo.

"Mjane anatoka eda kwa hila, na ndoo ya taka! Watoto wetu wanatazama!" akaendelea Bi Rukaiya.

"Haitham huyo," nikasema. "Kaongeza mwenyewe. Mie sikuandika."

Haitham ndiye mwongozaji wetu. Ana miaka arubaini na kidogo. Nilimtoa mie kwenye kuvuta nyaya nikampeleka kwenye kamera. Basi wote wakamshukia Haitham. Hana adabu, hana mama, kasomea wapi. Na mimi nikawashukia pamoja nao. Nilikuwa hodari kuliko wote! Nilimtukana vizuri — kwa mpangilio, na mwisho wenye nguvu. Kazi ni kazi.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Simu haipoi. Mwanamke nisiyemjua, wa Makunduchi, kanitumia sauti ya dakika sita kwa Kikae, lahaja ya kwao. Nusu sikuifahamu. Matusi nimeyafahamu yote.

Saa nne kapiga Haitham.

"Shikamoo, Bi Nadhira."

"Marahaba."

Nyuma yake nasikia mtu anapiga misumari.

"Nimeambiwa umesema nimeongeza mie."

"Ndivyo nlivyosema."

Misumari bado.

"Haya, mama," kasema. Akakata.

Haya, mama! Basi ndiyo nini hiyo? Mtu anasingiziwa — mtu analaumiwa, anasema *haya, mama*? Si atukane! Si apige kelele kama watu! Nimezunguka sebuleni mara ishirini. Sebule yenyewe hatua tisa.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Kaja Bi Hisae kutoka Fumba, na mwavuli wake na chupa ya figili za siki ambazo kila mara nasema tamu na kila mara nampa paka.

Ana miaka sabini na nne. Kwao Japani alikuwa mwandishi wa televisheni wa kutajwa. Miaka thelathini! Kule wana tamthilia ya asubuhi, dakika kumi na tano, siku sita kwa wiki, miezi sita mfululizo, na aliyekuwa akiiandika ni yeye peke yake, katika chumba kisicho na dirisha, anakula wali baridi. Mvutano wake wa kwanza na kituo ulikuwa juu ya neno moja. Mvutano wa pili, juu ya mkato. Alikuja Unguja mwaka 2003 kutufundisha wiki sita. Wiki sita hizo hazijesha. Sasa anakaa Fumba, anasema Kiswahili cha mjini kuliko watoto wa Kikwajuni, na haolewi. "Niliolewa na saa ya ukutani," husema.

Kwenye darasa lile nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mchapishaji wa barua, na nilikwenda kwa sababu palikuwa na chakula cha mchana. Alitupa kanuni moja siku ya kwanza. Mtu asiingie kwenye onyesho mikono mitupu. Mpe kitu ashike. Kikapu, kitabu, mtoto wa mtu. Mwenye kitu mkononi hawezi kusema uongo kwa mwili wote, ule mkono utamuumbua. Sijaiacha kanuni ile hata siku moja. Wakil alikuwa akinitania: tamthilia zangu zina mizigo kuliko bandari.

Basi leo Bi Hisae kanywa chai, katazama feni, kasema:

"Nadhira. Ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Watu wa Haitham hawashiki kitu. Nimetazama kazi zake zote. Huingia mikono mitupu, wapate kuirusha hewani wakilia. Miaka kumi namwambia, hasikii." Kanywa tena. "Mara hii kasikia."

"Watu hujifunza, Bi Hisae."

"Naam. Hujifunza."

Nikamwambia chai imepoa, nikainuka kuipasha. Ilikuwa inatoka moshi.

Bibi huyu ananichosha. Anatoka Fumba kote kule kuja kunihoji juu ya ndoo!

Jumapili, 13 Julai 2025

Hakuna Bi Salha leo. Wameweka kipindi cha mapishi. Mwanamme kavaa kofia ndefu anatufundisha sisi, Zanzibar, kupika pilau.

Habari iliyofika: kituo kimemsimamisha Haitham. Barua kapewa. Ataitwa mbele ya wakubwa Jumatatu ya tarehe 18 Agosti, aeleze kwa nini aliingiza onyesho ambalo mwandishi hakuliandika. Akikosa maelezo, basi — yeye hana kazi tena pale, na tamthilia inazikwa. Maneno ya *mwandishi hakuliandika* yamo ndani ya barua. Yaani maneno yangu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili wamenukuu kitu nilichosema bila ya kukikatakata.

Mwanakheir kafurahi. Kapika biriani.

Nikala sahani mbili. Hasira hunipa njaa. Huzuni hunipa njaa. Nikiona vyema, tatizo langu ni njaa.

Jumanne, 22 Julai 2025

Mvua. Sikuandika kitu. Nimemkasirikia Wakil leo, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Kufa gani kule? Katoka kusali Isha, kavua viatu, kasema kifua kinambana, kaniomba maji. Narudi na maji — na gilasi hii mkononi! — hayupo. Dakika mbili! Mtu wa miaka thelathini ya ndoa anaaga kwa neno *maji*? Ningemwandikia mie angesema kitu cha maana.

Halafu wakaja wanaume, wakaosha, wakabeba. Mwanakheir kanishika bega, kasema tuliza moyo, kaka yangu kenda. Nikatazama jeneza linavyokata kona pale dukani. Kisha kona tupu. Watu walidhani nimetulia. Sikutulia, nilikuwa nangoja sehemu ya pili.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kaja tena Bi Hisae. Mara hii bila ya figili. Nikajua kuna jambo.

Kakaa, kafunga mwavuli, kasema, "Nataka kukusimulia kazi yangu moja. Hujaisikia."

Nikamwambia nimezisikia zote, mpaka ile ya mkato.

"Hii hujaisikia."

Alikuwa na miaka arubaini na mmoja, tamthilia yake ya asubuhi inatazamwa nchi nzima. Kaandika mama mmoja asiyejua kusoma, anayeficha. Akipelekewa barua, hujifanya kaacha miwani nyumbani, humpa mwenye duka amsomee. Kila siku miwani imeachwa nyumbani. Watu wakalia nchi nzima, kwenye mabasi. Na mama yake Bi Hisae alikuwa akitazama sebuleni kwake na majirani, na majirani wakamgeukia. Kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba bibi yule kila siku huacha miwani nyumbani. Na bibi yule hakuwa hata na miwani.

"Akanipigia simu. Kaniuliza swali moja tu: nani kaandika? Nikasema, mwongozaji. Bwana Ogata. Kaongeza mwenyewe."

Nilikuwa nakunja kitambaa cha meza.

"Mwaka mpya Ogata akaenda kumsalimu mama, kama ada yetu, na zawadi. Mama hakumfungulia mlango. Kasimama nje kwenye baridi, kaweka zawadi chini, kaondoka. Hakusema kwamba si yeye. Mie nilikuwa ndani, Nadhira. Nilikuwa jikoni, nimeshika kisu na figili."

"Na baadaye?"

"Baadaye mama kafa. Ogata kafa. Nilipata tuzo mbili kwa tamthilia ile. Zimo kwenye boksi la viatu, Fumba, chini ya pampu ya maji. Na mie nikaja huku kufundisha watu washike vitu mikononi."

Kanyanyuka. Mlangoni kageuka: "Wewe bado wote wako hai."

Nikamkasirikia! Namkasirikia mpaka sasa. Kazi yangu wewe yakuhusu nini? Una ushahidi gani? Nimeupiga mto ngumi. Mto wa Wakil. Kisha nikauomba radhi.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Mwanakheir kapanda mbio, baibui hajavua, uso unang'ara.

"Wifi! Leo nimekulipia!"

"Umenilipia nini?"

"Nimemkuta Haitham wako sokoni. Kanisalimu: *Shikamoo, Bi Mwanakheir.* Nikampa mgongo. Mbele ya watu! Kasimama na kikapu chake kama mlingoti. Nikamwacha hapo hapo."

"Hakujibu kitu?"

"Atajibu nini? Kachanganyikiwa. Kaniuliza tu, *Bi Nadhira hajambo?* Unamwona alivyo mnafiki?"

Kikapu mkononi. Mlango haukufunguliwa. Nikamwona Ogata na zawadi yake kwenye baridi.

"Wifi, mbona umesawijika?"

"Joto," nikasema. Agosti! Kipupwe kinavuma mpaka pazia linalala!

Zimebaki siku tatu nitoke eda. Zimebaki tano Haitham aitwe. Mwanakheir kashaniwekea nguo mpya, dira la zambarau, na udi wa kunifukiza. Kasema Jumamosi watu wajue kwamba mke wa kaka yake alikaa eda yake sawasawa, hatua haikutoka nje. Kasema hivyo na machozi yakimtoka. Mwanamke huyu hajalia mbele yangu tangu Aprili.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Siku ya mia moja na ishirini na nane. Nshaoga. Wanawake wataanza kuja baada ya adhuhuri. Nina saa moja na nusu, na daftari hili halina msomaji. Basi niache kulidanganya, hata hili.

Jumamosi ya tarehe 28 Juni sikulala kutwa.

Nilitoka. Mwanakheir alikwenda kwa mwanawe Fuoni. Nilitaka kisingizio, nikachukua ndoo, lakini ndoo ilikuwa tupu, yeye mwenyewe alikwishaimwaga asubuhi. Nani atoke kumwaga ndoo tupu? Nikakusanya vya mezani haraka haraka: maganda ya machungwa, magazeti, kila kilichokuwepo, nikavisukumia ndani kwa mkono mmoja. Nikavaa baibui. Nikafika jaani, pana watu, nikaona haya, nikapita. Nikasimamisha teksi. Dereva kaniangalia kwenye kioo.

"Bibi, taka hizo unazipeleka wapi?"

"Kwa mume wangu," nikamwambia.

Hakuuliza tena mpaka Mwanakwerekwe.

Kulikuwa na mzee mmoja na jembe, Mcha jina lake. Nikamtajia Wakil. Kasema wa Aprili wako upande ule. Nikaenda. Matuta mengi, yote yamefanana. Nikachagua moja. Ndiyo, nilichagua! Moyo wangu uliniambia ndilo. Nikasimama pale na ndoo yangu nikasema yote. Nikamlaumu kwa ile *maji*. Nikamwambia bado nnalala upande wangu wa kitanda. Nikamwambia mambo ambayo hata hapa siyaandiki. Nililia kwa sauti, na mwandishi ndani yangu, Mungu amlaani, akawa anasema: hii ni ndefu, kata.

Mzee Mcha akaja taratibu. "Bibi, samahani. Siye huyo. Huyo ni kijana wa watu wa Jang'ombe. Wako ni wa pili yake."

Nikahamia kwa Wakil. Sikuwa na neno lililobaki. Yote nilikwishampa kijana wa Jang'ombe. Nikasimama tu, ndoo mkononi. Kisha nikarudi. Jaani hapakuwa na mtu tena, nikamwaga, nikapanda juu. Na rimoti iko huko mpaka leo.

Jioni ile ile nikaandika onyesho la Bi Salha, nikazipiga picha kurasa na kumtumia Haitham. Sikukosea kutuma. Hakunilazimisha mtu. Nilituma kwa sababu lilikuwa jambo bora nililopata kuandika katika miaka ishirini na mbili, na nililijua. Kaburi lisilo lake nililitoa. Bi Salha nilimpa kaburi sahihi kwa mara ya kwanza, nikampa na ukimya, kwa vile mimi niliukosa.

Haitham alinipigia simu saa ile ile. Kasema, "Bi Nadhira, hii nzuri mpaka inatisha. Lakini itatuletea maneno. Una hakika?"

Nikasema, "Piga picha. Usiguse hata nukta."

Hakugusa hata nukta.

Zile kurasa nilizichana daftarini baada ya Jumapili ile. Vishina bado vipo. Picha zake anazo yeye kwenye simu yake, muandiko wangu, na saa imo. Angezionesha siku ya kwanza wangemrudisha siku ya pili. Hajazionesha. Wiki sita nimemkasirikia kwa hilo: kwa kuninyima mtu wa kugombana naye.

Jumatatu ataitwa. Nnaweza kuwapigia simu kituoni kesho, bila ya mtu hapa nyumbani kujua. Nimeifikiria sana njia hiyo. Nzuri, ina adabu, haimuumizi mtu. Lakini Mwanakheir atakuja kusikia mtaani, mbele ya Bi Rukaiya, kama alivyonisikia nikimsingizia Haitham. Na leo mchana atakaa hapa na udi wake awaambie watu kwamba hatua haikutoka nje.

Nimekwenda juu ya ngazi. Nimeita, "Wifi!"

"Naam!"

"Njoo mara moja. Kabla hawajaja watu."

"Nakuja! Nna kitu chako!"

Namsikia. Ngazi zetu ni kumi na nne, na goti lake moja bovu, kwa hiyo hupumzika ya saba. Yuko ya nne. Anazungumza peke yake kwa furaha — kasema kaninunulia rimoti, mpya, imeshatiwa na betri, nisihangaike tena, nisikae na televisheni kituo kimoja kama mfungwa.

Ya saba. Anapumua.

Daftari nitaliacha wazi hapa mezani. Kalamu nitaiweka chini akifika. Nimetafuta kitu cha kushika, nimeshika kikombe, nimekirudisha. Nimeshika ncha ya dira, nimeiachia.

Ya kumi na mbili.

Mikono mitupu —